Fleti namba 3 haijafunguliwa

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 43, nimeolewa, tuna watoto watatu. Nimeweka akiba miaka 14, na sasa nimepata jengo la ghorofa lenye fleti 6, zote zina wapangaji. Dalali anasema kodi yenyewe ndiyo itakayolipa mkopo wa benki, mimi nitakaa nikisubiri mwisho wa mwezi tu. Mume wangu hataki hata kulisikia jambo hili; anasema nitaiingiza familia kwenye deni. Mdogo wangu wa kiume ameahidi kunisimamia jengo, nami nimpe fleti moja akae bure. Tulipokwenda kulitazama tuliona fleti 5. Namba 3 ilikuwa imefungwa, tukaambiwa mpangaji amesafiri na ufunguo. Yupo mnunuzi mwingine, kwa hiyo dalali ananisihi nitoe malipo ya awali wiki hii. Nimefikiria kulipa kimyakimya, mume wangu nimweleze mambo yakishakaa sawa. Nishauri, Shangazi. Mama wa Watatu."

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye lile neno "kimyakimya". Nitalifikia. Lakini nataka kwanza tukae chini na hesabu, kwa sababu naona ndani ya hesabu hiyo ndimo yalimo majibu yako karibu yote, hata lile la mumeo.

Wazo lako ni zuri, na mtu asikuambie kwamba mwanamke mwenye akiba yake anajitafutia makuu akitaka jengo. Fleti 6 chini ya paa moja zina faida ambayo nyumba moja haina. Mwenye nyumba moja mpangaji akihama, mapato yote yamehama naye. Wewe fleti moja ikikaa tupu mwezi mzima, umepoteza sehemu 1 kati ya 72 za kodi ya mwaka. Paa ni moja, ngazi ni moja, na fundi akija anamaliza kazi zote safari moja. Hilo nalikubali.

Ninalolikataa ni ile kauli ya dalali kwamba kodi italipa mkopo. Inawezekana ikalipa, inawezekana isilipe, na yeye hakukuonyesha hesabu yoyote. Hukunitajia bei, basi nitumie tarakimu nyepesi, nawe utaweka zako mahali pake. Tuseme kila fleti inalipa 100 kwa mwezi. Fleti 6 ni 600, kwa mwaka 7,200. Tuseme bei ya jengo ni 72,000, yaani kodi ya miaka 10.

Sasa toa matumizi. Miezi ambayo fleti inakaa tupu. Mpangaji anayehama usiku na deni lake. Rangi kila mtu anapotoka. Bomba, pampu, tangi, vitasa, taa za ngazi, usafi, ulinzi, bima, kodi ya jengo ya serikali. Na fungu la kuweka pembeni kwa ajili ya paa, maana paa halikuulizi kama una pesa mwezi huu. Kwa jengo dogo lililokwisha kula miaka, haya yote yanaweza kumeza 40 hadi 50 katika kila 100 ya kodi. Nikuhurumie, tuseme 40. Katika 600 zinaondoka 240, zinabaki 360. Kwa mwaka ni 4,320, ambayo ni asilimia 6 ya bei uliyonunulia.

Benki ikupe asilimia 70 ya bei, yaani 50,400, kwa riba ya asilimia 12, ulipe miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni kama 605. Mia sita na tano, mwanangu, wakati kodi yote ya jengo, kabla hujanunua hata balbu, ni 600. Ukishatoa matumizi, kila mwezi utakuwa unachukua 245 kutoka kwenye mshahara wako kulisaidia jengo lilipe deni lake. Hapo hakuna fleti iliyokaa tupu kuliko tulivyokadiria, na riba haijapanda. Usisahau kuuliza kama riba hiyo ni ya kudumu au benki ina haki ya kuibadilisha.

Ukitaka kuona kwa nini inakuwa hivyo, tazama zile asilimia mbili. Jengo linazaa 6, mkopo unadai 12. Kila unachokopa kununulia jengo hilo kinakula mara mbili ya kinachozaa, kwa hiyo kadiri unavyokopa zaidi ndivyo unavyoumia zaidi. Mkopo humsaidia mwenye jengo pale tu jengo linapozaa kuliko riba. Dalali atakuambia bei ya jengo itapanda. Huenda ikapanda kweli, lakini kupanda huko hakulipi rejesho la mwezi ujao.

Basi jengo la namna hii linaweza kubeba mkopo wa kiasi gani? Wakopeshaji waangalifu hutaka kinachobaki baada ya matumizi kizidi rejesho kwa robo hivi, ili fleti moja ikikaa tupu usianze kukimbizana na benki. Gawa 360 kwa 1.25, unapata 288. Rejesho la 288 kwa riba na muda uleule ni mkopo wa kama 24,000. Theluthi moja tu ya bei. Kwa hiyo akiba yako ifikie theluthi mbili, au muuzaji ashushe bei, au uachane na jengo hilo utafute lingine. Weka tarakimu zako za kweli. Huenda zikawa bora kuliko hizi nilizokutungia, na nakuombea ziwe hivyo. Ila ziandike.

Na hizo za kweli usizichukue kwa dalali. Zichukue kwa wapangaji. Jengo la kupangisha linauzwa kwa kodi yake, kwa hiyo muuzaji akikuongezea 10 tu kwa mdomo kwenye kila fleti, kwa mwaka ni 720 za hewa, na ukinunua kwa kodi ya miaka 10 umelipa 7,200 za hewa. Mpitie kila mpangaji, mlango kwa mlango, umsalimie, umuulize analipa kiasi gani, amelipa hadi mwezi gani, na aliweka amana kiasi gani alipoingia. Nimewahi kumfahamu mama mmoja aliyenunua jengo lenye wapangaji tele, akaja kugundua muuzaji alikwisha kuchukua kodi ya miezi 6 mbele kwa karibu kila mtu. Rejesho la kwanza likafika, kodi hana wa kumdai. Kila mpangaji asaini karatasi inayosema hayo matatu, muuzaji naye aisaini. Amana za watu na kodi zilizolipwa mbele zikatwe kwenye bei, kwa sababu wakihama watakudai wewe. Hati miliki mpe wakili wako, siyo wakili wa muuzaji, akaichunguze kwenye ofisi ya ardhi aone jina lililoandikwa, na kama ipo dhamana ya benki au kesi juu yake.

Kuhusu jengo lenyewe nitakusimulia langu, kwa sababu lilinigharimu. Miaka mingi iliyopita nilinunua kijengo cha fleti 4. Nilipokitazama kilikuwa kimepakwa rangi mpya, na niliifurahia ile harufu ya rangi kama mtoto. Katika bafu la fleti ya chini dari ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine zote za nyumba. Niliona, nikapita. Wiki ya tatu baada ya kununua mpangaji akaniita. Nikapanda kwenye stuli, nikaibonyeza dari kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa maji, plasta ikaniangukia usoni. Bomba la bafu la juu lilikuwa likivuja ndani ya sakafu kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuusema. Kuvunja, kubadilisha bomba na kuziba kulikula kodi yangu ya miezi 7.

Kwa hiyo nenda na fundi bomba wako na fundi umeme wako, uwalipe siku yao. Wafungue bomba zote za jengo kwa wakati mmoja waone maji ya juu yanatoka kwa nguvu gani. Wamwage ndoo kila choo kwa mpigo, kisha waende kusimama fleti ya chini kabisa: vyoo vikiwa vimepangana juu kwa juu, bomba la majitaka ni moja, na likiziba uchafu wa wote unatokea kwa yule wa chini. Muulize huyo wa chini kama limewahi kumtokea. Atakuambia, na kwa uchungu. Tazama pia mita. Kama umeme au maji ni mita moja kwa fleti zote, utakuwa hakimu wa kesi za bili kila mwezi, na gharama ya kuzitenganisha iingie kwenye bei mnayozungumzia.

Sasa mdogo wako. Unasema fleti moja kati ya 6, na ukiisema hivyo inaonekana ndogo. Lakini matumizi ya jengo hayapungui kwa sababu yeye ni ndugu. Zile 100 zake zinatoka kwenye 360 zilizobaki, siyo kwenye 600, kwa hiyo umempa zaidi ya robo ya faida yako, kila mwezi, bila tarehe ya mwisho. Na siku akiacha kufuatilia kodi za watu, utamwambiaje ahame, na mama yenu anasikia? Kama kweli ana moyo wa kazi, mwajiri. Alipe kodi kama wengine, nawe umlipe ujira wa usimamizi, mathalani sehemu fulani ya kodi anayoikusanya, mwandikiane. Kodi ziingie benki moja kwa moja, zisipite mkononi mwake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa ndugu daftari linahitajika kuliko kwa mgeni, kwa kuwa mgeni unaweza kumfukuza. Akikataa masharti hayo, ameshakuonyesha alichokuwa anakitaka.

Nimebaki na mumeo. Mwanangu, hukuniandikia kwamba ni mlevi, wala kwamba anakunyang'anya pesa. Umeniandikia kwamba anaogopa deni. Ukitazama ile hesabu ya juu, mtu anayeogopa deni la 605 kwenye kodi ya 600 hajakosea. Amekosea labda kwa kukataa kukusikiliza, na hilo linauma, nalijua; miaka 14 ya kujinyima si jambo la kukatiwa kwa neno moja mezani. Lakini ukilipa kimyakimya, utakuwa unamficha kitu kisichofichika: rejesho la kila mwezi, fundi anayepiga simu saa 5 usiku, mpangaji anayekuja mlangoni. Ataligundua, na siku hiyo hamtazungumzia tena jengo. Mtazungumzia uongo. Na bila shaka benki itataka kujua hali yako ya ndoa kabla ya kusaini.

Usiende kumwomba ruhusa. Mwekee karatasi mezani: kodi ya kweli, matumizi, rejesho, kinachobaki, na fedha za akiba zitakazobaki benki hata baada ya kununua. Fedha hizo zitoshe angalau marejesho ya miezi 6. Zikiwa hazifiki hapo, usinunue. Kisha muulize swali moja: "Ni kitu gani hasa unachokiogopa hapa?" Akitaja paa, mwonyeshe fungu la paa. Akitaja mdogo wako, na nahisi atamtaja, usimkasirikie. Akiona umezipiga hesabu hadi zile zinazokuumiza mwenyewe, atakuwa na sababu ya kukusikiliza ambayo hakuwa nayo mwanzo. Hata akibaki kusema hapana, utakuwa umeijua hapana yake imesimama juu ya nini.

Malipo ya awali wiki hii usitoe. Huyo mnunuzi mwingine, kama yupo, anunue. Kesho asubuhi mpigie dalali, mwambie una nia, una fundi wawili tayari, na utarudi kutazama siku yoyote ambayo mpangaji wa fleti namba 3 atakuwa amerudi na ufunguo wake. Ingia humo ndani wewe mwenyewe, tazama dari ya bafu, na uibonyeze kwa kidole. Kisha niandikie ulichokikuta.

Shangazi yako