Nani kakwambia kuvumilia ni kunyamaza?

Maswali ya safari hii mengi yanafanana: mtu anataka amani ya moyo, na anaitaka kabla ya Jumapili. Nimechagua tisa. Wale mnaouliza kuota nyoka kuna maana gani, naombeni mnipumzishe. Nimeshalijibu hilo, na jibu ni lilelile: kula mapema, ulale.

Mchungaji, nipe mstari mmoja wa kusoma nipate amani ya haraka.

Wafilipi 4:6-7. Ila anzia sura ya kwanza, uone kwamba aliyeandika alikuwa kifungoni, na minyororo haikufunguka alipoweka kalamu chini.

Mwanangu alifariki mwezi wa tatu. Nikilia, kina mama wa jumuiya wananiambia nina imani haba, kwamba Mungu kampenda zaidi. Nifanye nini nipate utulivu?

Pole sana, mama. Kwanza, lia. Yesu alilia msibani kwa Lazaro, naye alikuwa anajua kabisa kwamba anakwenda kumfufua. Nani kakupa wewe sheria ngumu kuliko yake?

Wanaosema "Mungu kampenda zaidi" hawana ubaya. Wamekosa la kusema, na ukimya unawatisha. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea. Halafu usome Zaburi ya 88. Hiyo haina "lakini nitamsifu" mwishoni. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado ni sala, imo kwenye Biblia ileile wanayokunyooshea.

Nilipofiwa na mke wangu walikuja wengi kuniombea, nawashukuru. Ninayemkumbuka ni mzee mmoja wa mtaani, wala si msharika wetu. Alifika asubuhi, akaona jiko la mkaa limezimika. Akalikung'uta majivu, akaliwasha, akabandika maji ya chai, akavuta kigoda akakaa. Hakusema kitu mpaka saa sita. Alipoinuka alisema, "Kesho nitaleta mkaa." Akauleta. Mahubiri ya wiki ile sikumbuki hata moja, na waliohubiri baadhi yao niliwafundisha mwenyewe.

Nimemaliza chuo 2019, kazi sijapata. Kila nikilalamika naambiwa nisubiri wakati wa Mungu. Nisubiri mpaka lini?

Wanaokwambia hivyo wanapenda kunukuu Yakobo 5:7, mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Wasiowahi kushika jembe husoma hapo wakadhani mkulima amekaa barazani anatazama mawingu. Hapa kwetu Kilimanjaro mche wa kahawa utakaa kama miaka mitatu ndipo upate buni ya maana. Miaka hiyo yote unapalilia, unaweka samadi, unapogoa, unahangaika na ugonjwa wa chulebuni. Na katikati ya mistari unapanda maharage, kwa sababu watoto hawali matumaini.

Endelea kutuma barua za kazi, ila tafuta na maharage yako: kazi ndogo, hata isiyolingana na cheti. Na jambo ambalo hukuuliza: anayekudai hela ya "usajili" ili akuunganishie kazi nje ya nchi ni tapeli, hata akikuita mpendwa. Hasa akikuita mpendwa.

Nimenunua mafuta ya upako chupa mbili, bado wasiwasi hauniishi. Nimekosea wapi kuyatumia?

Februari 1, 2020, hapahapa Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada uwanjani wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Nilidhani baada ya siku ile sitaulizwa tena. Mwezi huu peke yake nimeulizwa mara nne. Hukukosea kuyatumia, ulikosea kuyanunua.

Je, nikifunga kavu siku arobaini nitapata amani? Kuna kikundi kinanialika.

Usiende. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, serikali ya Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Watoto wamo. Kufunga ni kwema: ruka mlo, omba, kile ambacho ungekula mpe mwenye njaa, jioni kula. Mwenye sukari, mjamzito na anayenyonyesha waongee na daktari kwanza. Kikundi kikikukataza kumwambia mama yako mnakutana wapi, hicho si kikundi cha maombi.

Mume wangu ananipiga. Mzee wa kanisa alinisomea "upendo huvumilia yote". Nimevumilia miaka sita. Kwa nini sipati amani?

Dada yangu, hupati amani kwa sababu unapigwa. Hakuna fumbo hapo la kutafutiwa mkesha.

Mzee huyo amesoma nusu ya sura, na amemsomea asiye na kosa. 1 Wakorintho 13 inasema pia kwamba upendo hufadhili, na kwamba haukosi kuwa na adabu. Mumeo alisomewa lini mistari hiyo? Aliitwa ofisini siku gani? Nimetumika miaka mingi na nakiri kwa aibu: sisi viongozi mtu akipigwa tunamwita aliyepigwa, kwa kuwa ndiye anayeitika.

Na aliyeandika maneno hayo ni Paulo. Liwali alipotaka kumkamata kule Dameski, Paulo huyohuyo aliingia kwenye kapu, akateremshwa ukutani, akatoroka. Hakubaki mjini amvumilie liwali. Filipi nako walimchapa bakora bila kumhukumu, asubuhi wakataka aondoke kimyakimya. Akagoma, akasema waje wenyewe wamtoe. Huo nao ni uvumilivu, ila huu haunukuliwi kwenye semina za ndoa.

Sasa fanya hivi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako na nguo za kubadilisha vipeleke kwa mtu unayemwamini, na usimwage siri. Nenda kituo cha polisi, uliza dawati la jinsia na watoto. Kama una majeraha, wakupe fomu ya polisi, PF3, uende nayo hospitali. Kusamehe tutaongea baadaye. Mtu anaweza kusamehe vizuri tu akiwa kwa dada yake.

Nawe mzee wa kanisa, kama unasoma: siku binti yako akirudi nyumbani jicho limevimba, utamfungulia ukurasa gani?

Nimeandikiwa dawa za sonona. Kiongozi wetu wa maombi anasema nizitupe, nimtegemee Yesu tu.

Muulize yeye miwani yake ataitupa lini. Meza dawa, rudi kliniki tarehe uliyopangiwa. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Safari ilifuata baadaye.

Kaka yangu alimega sehemu yangu ya kihamba, shamba la ukoo alilotuachia baba. Nilimsamehe mbele ya kanisa, lakini nikimwona moyo unawaka. Msamaha wangu ni wa uongo?

Si wa uongo, ni mbichi. Wazee wa Dodoma watamkumbuka Festo Kivengere, aliyefundisha shule kule kabla hajawa askofu wa Kigezi, Uganda. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe walitoroka usiku kwa miguu milimani mpaka Rwanda. Huyu alikuwa mhubiri wa uamsho, mtu ambaye wengine walimfuata kutafuta amani, naye ndani chuki ya Amin inamtafuna. Alieleza mwenyewe kwamba chuki hiyo ililainika kanisani jijini London, siku ya Ijumaa Kuu, aliposikia "Baba, uwasamehe". Akasema hadharani kwamba amemsamehe Amin. Wala hakuacha kueleza dunia Amin alikuwa anafanya nini Uganda.

Hapo ndipo wengi mnapochanganya. Mnadhani ukisamehe basi na eneo limekwenda. Nani kasema? Nenda baraza la ardhi la kata, chukua wazee wanaojua masale ya mpaka wa baba yenu yalipopandwa, wayaonyeshe. Ukidai kihamba chako kwa utaratibu hujamchukia mtu. Unapotaka ng'ombe wake afe, hapo umeanza kumchukia.

Kisha katika barua yako ndefu hujasema kama kaka yako amewahi kukuletea jani la isale kuomba radhi. Kama hajaleta, usishangae moyo kuwaka. Umesamehe mtu ambaye bado ana ng'ombe amefungwa kwenye migomba yako.

Kanisa la jirani linapiga spika mpaka saa tisa usiku. Nimeokoka, naogopa kuwashtaki watumishi wa Mungu.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kesho asubuhi. Ukinikuta kwenye benchi lake, sogea tukae. Barua yangu iko kwake tangu Pasaka.