Baba anasoma Alhamdu yote, lakini hawezi kuomba maji

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, ni mwenyeji wa Lushoto. Huu ni mwezi wa pili tangu apate kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelegea. Ukimwuliza kitu anajibu "hii, hii, hii" tu, kisha anakasirika. Cha ajabu, kwenye sala anasoma Alhamdu mpaka mwisho bila kukwama, na akianza kuhesabu anafika kumi. Wengine wanasema akili imeruka, wengine anajifanyisha, na shangazi anasema amechezewa. Nyumbani tunaongea Kisambaa, kazini alitumia Kiswahili. Tuongee naye lugha gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo yako, baba hajifanyishi, akili haijaruka, na hakuna aliyemchezea. Hali hii inaitwa afasia: sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha imekosa damu ikaumia. Kwa watu wanaotumia mkono wa kulia, karibu 95 kati ya 100, kazi kubwa ya lugha hufanywa na nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyohiyo ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana vimekwenda pamoja.

Mgonjwa kama baba yako ndiye aliyefungua elimu hii. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mtu aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka 21 alikuwa akijibu kila swali kwa neno moja: "tan". Alielewa mengi aliyoambiwa. Na alipokasirika sana, tusi zima lilimtoka. Alipofariki, Broca alikuta jeraha upande wa mbele wa nusu ya kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine, walioumia nyuma zaidi: hao huongea kwa mtiririko, lakini maneno hayashikamani, na maneno ya wengine hawayaelewi vizuri. Siku hizi tunajua lugha haikai kwenye vituo viwili tu. Ni mtandao mpana, na hata jeraha la Leborgne lilipopigwa picha upya lilionekana limeingia ndani kuliko Broca alivyoona.

Tusi la Leborgne na Alhamdu ya baba ni jambo moja. Dua, hesabu, salamu na nyimbo tulizozirudia tangu utotoni hutoka zikiwa zimeungana tayari. Kuomba maji ni kazi nyingine kabisa: achague neno, alipange, aliambishe, kisha ulimi uamriwe. Tazama kitenzi kama "hatukumletea": kukanusha, nani, lini, kwa nani, vyote ndani ya neno moja. Mwenye jeraha la mbele hukwama hasa kwenye vipande vidogo vya neno kama hivyo. Kwa hiyo kumwambia "mbona kusoma unaweza?" ni kumwonea.

Hata kuelewa kwake kunaweza kuwa na mapengo msiyoyaona. "Leta kikombe" ataelewa. "Mtoto alisukumwa na kaka yake" huenda akashindwa kujua nani kamsukuma nani. Semeni sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, sauti ya kawaida. Masikio yake hayana tatizo. Zimeni redio. Msimpe kalamu mkidhani ataandika asichoweza kusema, kwani mara nyingi maandishi huumia pamoja na usemi. Mshikieni kikombe cha maji na cha chai: "Maji? Chai?" Kisha nyamazeni kabisa, hata kama kimya kinawakera. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: kwa mapenzi wanamjibia, na mgonjwa anaacha kujaribu. Akisema "ndiyo", angalieni uso na mkono pia, maana wenye afasia huweza kusema "ndiyo" wakimaanisha "hapana".

Wimbo nao unaweza kutumika. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza tiba ya kuimba kifungu kifupi huku mgonjwa akigongewa mkono wa kushoto taratibu. Husaidia zaidi vifungu vilivyozoezwa kuliko mazungumzo ya jumla, lakini "nataka maji" ikitoka kwa mahadhi, ni maji yamepatikana. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi kubwa ya kupona, ingawa watu huendelea kupata maneno hata baada ya miaka. Mtafutieni mtaalamu wa tiba ya usemi mapema. Hospitali inayomtibu iwaelekeze. Dawa za presha zisikatwe, na uso ukipinda au udhaifu mpya ukitokea ghafla, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu lugha: kuna waliodai hurudi kwanza lugha ya mama, wengine ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Hakuna kanuni iliyosimama kwa wote. Wengi hupona lugha zote kwa pamoja. Ongeeni naye Kisambaa kama zamani, na anayemzoea kwa Kiswahili aendelee na Kiswahili. Mtaalamu atakayempima mwambieni lugha zote mbili, na aende na mtu wa nyumbani, kwani akipimwa kwa Kiswahili peke yake uwezo wake wa Kisambaa hautaonekana.