Barua kwa mwanangu: kabati lile jeusi

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako, nikampa baba yako, naye akaisoma akiwa amesimama. Unajua maana yake. Unasema harufu ya bafuni ilikushinda ukabandua vigae, ukakuta bomba la maji machafu limeungwa kwa tepu na kufunikwa saruji, na udongo chini yake umelowa. Unauliza kama aliyekuuzia nyumba alijua, na kama umfuate akulipe gharama.

Kabla ya kumfuata mtu, fuata maji. Nyumba hukaguliwa kwa maji, si kwa macho. Wimbo huu umenisikia nikiuimba tangu hujafikia koki kwa urefu. Usiku mkishamaliza kuoga, funga kila kitu, andika namba za mita, na asubuhi uzisome tena kabla mtu hajagusa maji. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Hapo funga valvu kuu ya nyumba uangalie tena: mita ikiendelea kutembea, uvujaji uko ardhini kati ya mita na nyumba, ikitulia, uko ndani mwako. Tangi la choo nalo litilie matone ya rangi ya chakula, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikishuka yenyewe kwenye bakuli, mpira wa chini haufungi. Wapo waliobomoa sakafu kumbe ni huo mpira tu.

Lakini bomba lako ni la maji machafu, na mita haiwezi kukusemea hapo. Mwambie fundi apime mwinamo wake, sentimita 2 hivi kwa kila mita moja ya urefu, maana likilala sana uchafu unabaki njiani. Kisha jaza beseni la kunawia na ulifungulie lote kwa mpigo. Ukisikia tundu la sakafuni likigugumia, bomba halina pa kuvutia hewa. Linafyonza yale maji yanayokaa kwenye kiwiko kilichopinda, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande. Ikiwa ndivyo, hata ukiunga bomba jipya harufu itarudi, na wewe utamlaumu fundi bure.

Sasa hilo la kujua au kutojua. Unalikumbuka kabati jeusi la ile nyumba yenye ngazi, mlilokuwa mnajifichia wewe na dada yako? Hatukuwahi kuwaambia lilitoka wapi. Tuliachiwa na aliyetuuzia nyumba. "Ni zito mno kulihamisha," alisema, "litawafaa." Nasi tukashukuru! Baba yako alimpa mkono kwa mikono miwili.

Baadaye ukuta wa upande ule ukaanza kutoa unga mweupe, chumvi inayobaki unyevu unapokauka. Baba yako akasema ni mvua. Mvua ikakatika, unga ukazidi, akasema ni mvua ya mwaka uliopita. Nikamwita fundi, yule mzee mkimya mliyemwogopa. Kabati likasukumwa kando, naye akaweka ncha ya bisibisi ndefu ukutani na sikio lake kwenye mpini, akawa anasogea taratibu hivyo kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Akasimama mahali pamoja, akaniita nisikilize. Mwanangu, nilisikia maji yakipuliza ndani ya ukuta wangu mwenyewe. Mpaka leo sijui kwa nini nilifurahi.

Alipobomoa, tulikuta bomba la zamani la chuma lililopakwa zinki limeungwa na la shaba bila kitu cha kuvitenganisha. Chuma na shaba vikigusana penye maji, chuma ndicho kinacholiwa. Kilikuwa kimeshatoboka, kikazungushiwa ukanda wa mpira na waya, kisha plasta. Na plasta yenyewe, jamani! Ilikuwa imelainishwa vizuri kuliko ukuta wowote wa nyumba ile. Kuvuja ningesamehe, mabomba huzeeka. Ule ulaini ndio uliniuma.

Nikasema alijua. Nikajijibu kwamba labda fundi wake alimwambia kazi imekwisha, akalipa, akaamini. Wangapi kati yetu hufungua ukuta kumkagua fundi? Vizuri, na kabati je? Kabati zito kweli, lilihangaikiwa na wanaume wanne. Lakini katika kuta zote za chumba, likae hapo hapo? Mwenye kabati kubwa ataliweka wapi kama si kwenye ukuta mrefu? Unaona. Nimebishana hivi miaka yote, na baba yako huondoka chumbani nikianza.

Yule bwana nilikutana naye baadaye, tumepanga foleni. Alinisalimu kwa furaha, akaniuliza habari za watoto, halafu akasema, "Na kabati, linawafaa?" Nikamwangalia usoni nitafute kitu. Nikajibu, "Linatufaa sana." Zamu yake ikafika, akaenda. Sentensi ile nimeigeuza kila upande na bado sijui kama ilikuwa wema au dhihaka.

Kwa hiyo usinitake nihukumu mtu wako ambaye sijamwona. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ningesema kitu, na unakijua. Lakini tepu na saruji vinathibitisha kwamba kuna mkono uliofunika, havisemi mkono wa nani. Pengine hata yeye alinunua nyumba ikiwa hivyo. Kama unaweza kumdai au la, hilo liko kwenye mkataba wako na sheria ya huko uliko. Mpelekee wakili mkataba huo kabla hujampigia simu ukiwa na hasira. Nyumba hukaguliwa kwa maji, na madai hukaguliwa kwa karatasi.

Ila usimruhusu fundi afunike chochote kwanza. Piga picha za bomba likiwa wazi, pamoja na tepu na udongo uliolowa, na kile kipande atakachokikata kiweke, usikubali akitupe. Muombe aandike alichokuta, kwa mkono wake, na tarehe.

Picha nitumie na mimi. Baba yako anajifanya hazitaki, lakini ameshaniuliza tepu ni ya rangi gani.

Mama yako