Wanataka kupiga GPS pango la mizimu, tuwaoneshe?

SWALI: Asalaam alaykum. Sie tunakaa kusini Unguja, upande wa mashariki. Kuna mwekezaji anataka kujenga hoteli, wakaja vijana wa tathmini ya mazingira na tableti zao, babu kawaeleza vizuri tu habari za mchanga na maji matamu yanayotoka pwani maji yakikupwa, ila walipotaka awapeleke kwenye pango la mizimu wapige GPS, yaani wachukue alama ya mahali penyewe kwenye ramani, akagoma. Wenzangu wanasema mzee anazuia ajira. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mjukuu wetu. Babu yako hajakosea kitu, tena nahisi ndo aliyeifahamu hii shughuli kuliko nyie nyote. Habari za mchanga kazitoa mana zina faida kila mtu azijue, kusi ikivuma mchanga unahama, kaskazi ikiingia unarudi, sasa mtaalamu akija wiki moja tu ya kaskazi anakuta ufukwe mpana anaandika jengeni, kusi ikija ukuta unapigwa na maji. Muombeni sheha awafatilie ripoti ZEMA, mamlaka ya mazingira Zanzibar, ndo wanaosimamia tathmini hizi chini ya sheria ya mazingira ya 2015, muangalie maneno ya mzee yamekaa wapi. Mkiyakuta kule kwenye sehemu ya mila na desturi pamoja na ngoma basi jueni yamewekwa pambo tu, yanatakiwa yawe pale panaposema jengo likae mbali kiasi gani na bahari.

Pango ni habari nyengine. Ile pointi ikishaingia kwenye kompyuta ya mtu hujui itakwenda wapi, mwakani utaona watalii wamepanga foleni mlangoni. Na wala si lazima wapaone penyewe, wekeni eneo kubwa kwenye ramani muwambie humu hapajengwi, wavyale, wale wazee wanaotunza mizimu, wanajua kwa nini, basi. Si ushamba huo, Kanada sheria yao ya tathmini ya 2019 inataka elimu ya wenyeji izingatiwe, na waliyoyasema kwa siri kwa kawaida hayatolewi bila ridhaa yao ya maandishi. Ipo na miongozo ya Akwé: Kon ya 2004, chini ya Mkataba wa Bioanuwai, inazungumzia sehemu takatifu hasa, ni ya hiari haimfungi mtu lakini watajieni tu.

Halafu mbona kwenye barua yako sijaona kina mama wa mwani kuulizwa hata neno moja? Wao ndo wanaoshinda majini. Waiteni kikao kijacho, na ile karatasi ya mahudhurio msisaini mpaka iandikwe juu kabisa kwamba kuhudhuria si kukubali.