Jengo lako linaweza kuahirisha stima kiasi gani? Lipime

Muulize meneja wa hoteli jengo lake linakula stima kiasi gani, atakutolea bili. Muulize linaweza kuahirisha kiasi gani, yaani kusogeza matumizi mbele kwa saa moja, bila mgeni kulalamika, atakukodolea macho. Kwetu sisi mafundi wa majengo hapa Mombasa, hilo la pili ndilo lenye pesa. Tangu Desemba 2017 Kenya Power ina bei ya usiku kwa wateja wakubwa wa biashara na viwanda: siku za kazi, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yuniti zinazozidi kiwango ulichowekewa hutozwa nusu bei. Isitoshe, wateja hao hulipia pia kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kabisa waliouvuta kwa pamoja mwezi huo, unaopimwa kwa kVA, kwa hiyo purukushani ya jioni moja inatosha kuipandisha bili yote.

Ushauri wangu wa kwanza: usipige hesabu kwa kusoma kibandiko cha mashine. AC iliyokwisha kupoza chumba huzima na kuwasha kompresa yenyewe, na wastani wake uko chini kabisa ya kile kilichoandikwa. Funga mita yenye kumbukumbu kwenye bodi kuu, irekodi kila dakika 15, uiache wiki mbili tatu bila kugusa chochote. Tenga wikendi, tenga siku za wageni wengi. Bila mwenendo huo wa kawaida wa kulinganishia, punguzo utakalojisifia huenda ni kazi ya mvua iliyonyesha mchana.

Kisha jaribu. Pandisha AC za ukumbi mmoja kutoka nyuzi 22 hadi 25, ukae na kipimajoto na daftari. Andika kilowati zilizoshuka, muda uliopita kabla kompresa hazijaanza kuvuta tena, na kilichotokea uliporudisha nyuzi 22. Hicho cha mwisho wengi hawakipimi, ilhali ndicho kinachouma: mashine zote zikirudi pamoja zinaweza kuvuta kuliko mwanzo, na kilele ulichokikimbia saa moja unakigongea saa mbili. Zirudishe moja moja.

Usidhani ukumbi mmoja utakusemea jengo zima. Ninaoutunza mimi wa mikutano una vioo upande wa magharibi. Saa kumi jioni hauvumilii hata nusu saa. Chumba cha kulia, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, hungoja zaidi ya saa na hakuna anayeuliza.

Maji ni rahisi zaidi. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji takriban yuniti 40, na tangi lililofunikwa vizuri halijali kama umelipasha saa moja jioni au saa nane usiku. Usilishushe tu chini ya nyuzi 60 kwa tamaa ya kuokoa. Bakteria hupenda maji vuguvugu. Pampu ya kupandisha maji tangi la juu nayo ihamishie usiku. Chumba baridi cha samaki usikiguse kabla hujaelewana na mpishi mkuu.

Halafu rudia vipimo vyote wakati wa kaskazi. Namba za Julai, kusi likivuma, hazikufai kitu Februari.