Meno kwa Mvua na kwa Kiangazi, Kutoka Nakuru Hadi Kisumu

Kama unaishi Nakuru na una mtoto wa chini ya miaka 8, habari ya mswaki iweke kando kidogo, utazame mtungi wa maji. Wakati wa mvua nyumba nyingi hunywa maji ya paa. Kiangazi kikikaza, tangi hubaki tupu, mkokoteni wa muuza maji hufika mlangoni, na maji yanayoingia jikoni mara nyingi huwa ya kisima. Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi miaka hiyo hiyo ya mwanzo, kwa hiyo kosa la Februari mtoto akiwa na miaka 2 utaliona akiwa Gredi ya 2.

Kinachosumbua ni floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano na kuibeba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na visima kadhaa vya upande wa Nakuru, Gilgil na Naivasha huzidi hapo. Maji yenyewe ni maangavu, hayana harufu, na ulimi hautakuambia lolote. Kisima chako na cha jirani vinaweza kutofautiana sana, hivyo usikubali jibu la "hapa kwetu maji ni mazuri" mpaka sampuli ipelekwe maabara ipimwe floraidi kwa jina. Kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiigusi.

Floraidi ikizidi mwilini wakati jino linajengwa, ganda lake la nje hutoka na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Jino huchomoza likiwa na mistari au madoa meupe kama chaki. Rangi ya kahawia huja baadaye, chai na chakula vinapoingia katika vinyweleo hivyo. Watu wa Nakuru wamechekwa vya kutosha kwa ajili ya meno hayo. Si uchafu, na hayatoki kwa mswaki. Anayesugua kwa mchanga, mkaa au jivu huondoa ganda lililobaki na kuacha doa pale pale. Daktari wa meno ana njia zake za kupunguza doa au kulifunika, na ni heri kusubiri meno ya mbele yatoke yote ndipo aanze. Mtu mzima aliyehamia Nakuru na meno yake kamili hapati madoa hayo, maana jino lake lilishajengwa. Mifupa yake ndiyo inayoweza kuumia akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi. Kwa hiyo maji safi yakiwa machache, mpe mtoto kwanza.

Kosa tunalokutana nalo sana ni kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haipandi na mvuke. Chukua lita 2 zenye miligramu 3 kwa lita, zichemke mpaka zibaki lita 1.5: sasa kila lita ina miligramu 4. Klorini haiondoi floraidi, kichujio cha udongo hakiiondoi, wala chupa iliyoanikwa juani. Kinachoiondoa nyumbani ni kichujio cha mkaa wa mifupa, au mtambo wa kusukuma maji kupitia utando, ambao bei yake si ya kila mtu. Mkaa wa mifupa hushika floraidi mpaka ujae, kisha maji hupita kama yalivyoingia bila kubadilika ladha. Hapo ndipo wengi huharibikiwa: kichujio kipo, ndoo inang'aa, na kazi yake iliisha mwaka jana. Muulize anayekuuzia kitapitisha lita ngapi kwa maji ya kiwango chako, uandike tarehe kwenye ndoo kwa kalamu isiyofutika, na upime tena maji yaliyochujwa kabla muda huo haujaisha. Maji yakitoka na harufu au rangi, mkaa haukuchomwa vizuri, rudisha. Na baada ya kuchuja bado utie klorini au uchemshe, kwa kuwa kazi ya mkaa huo si kuua vijidudu.

Dawa nafuu kuliko zote hutoka juu. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya mabati ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 800, ambazo ukitoa zinazomwagika na kuruka hubaki kama 640. Nyumba ya watu watano inayotumia lita 15 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu humaliza tangi la lita 2,000 kwa siku 133, yaani miezi minne na ushee. Hizo ni siku za kuvuka kiangazi chote cha Desemba hadi Machi, ikiwa hakuna anayefulia maji hayo. Fungia tangi hilo kufuli ikibidi. Mvua ya kwanza baada ya vumbi iache ioshe paa: kwa paa hilo la mita 40, mwaga lita 40 hadi 80 za mwanzo.

Kuna milango miwili mingine ya floraidi ambayo watu hawaihesabu. Majani ya chai huikusanya yenyewe, na mtoto wa miaka 2 anayepewa kikombe asubuhi na kingine jioni, kilichopikwa kwa maji ya kisima, anapata mara mbili. Mpe uji au maziwa. Mlango wa pili ni magadi. Ukipika mrenda, kunde au maharagwe kwa magadi, jua kwamba mawe hayo nayo hubeba floraidi. Maharagwe yaloweke usiku kucha, uyamwage maji, yataiva bila magadi. Mboga ya mtoto ipakue kabla hujatia.

Baada ya kusoma haya usikimbilie kutupa dawa ya meno yenye floraidi. Floraidi ya kwenye mswaki hulikinga jino na uozo kwa nje, kisha hutemwa. Jino lenye madoa nalo huoza kama jingine. Chini ya miaka 3 paka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje moja ya minji, na mzazi ndiye aminye. Matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki kutoka ncha hadi ncha yanauza dawa tu. Mtu mzima anunue yenye floraidi 1,000 hadi 1,500 ppm. Namba hiyo imeandikwa kwenye pakiti. Piga dakika 2, mswaki laini ukiinamia mpaka wa fizi, kwa miduara midogo, kisha uteme na usisukutue kwa maji. Povu kidogo linalobaki ndilo linalolinda jino usiku, wakati mate yamepungua. Ukilazimika kuacha mswaki mmoja kwa siku, usiache wa usiku.

Ukishuka Kericho kuelekea Kisumu, hesabu hubadilika. Maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo, kwa hiyo huku meno yenye madoa si tatizo kubwa, na dawa ya meno ina kazi zaidi. Tatizo la maji ni la mvua kubwa, vyoo vinapofurika na mtungi ukawa wa kutiliwa shaka. Watu hutibu maji ya kunywa kisha wakapiga mswaki kwa maji ya bomba yale yale waliyoyakimbia. Weka kikombe kimoja cha maji yaliyotibiwa kando ya mswaki.

Halafu kuna miwa. Kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Mumias, muwa hauna msimu wa kuisha, ila likizo ya Desemba na jua la Januari huufanya uwe mikononi mwa kila mtu. Unaharibu kwa njia mbili. Kumenya kwa meno ya mbele hupasua kingo zake, hasa jino lililozibwa au lililokufa mshipa. Menya kwa kisu, kata vipande vya urefu wa kidole, utafune kwa magego ya pande zote mbili. Njia ya pili ni muda. Bakteria wa ukogani hugeuza sukari kuwa asidi, na mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuirudisha hali ya kawaida. Muwa mzima uliotafunwa kwa dakika 20 ni shambulio moja. Muwa huo huo ukiuguguna kidogo kidogo tangu saa nne hadi saa kumi, umeliweka jino kwenye asidi siku nzima. Soda ni hivyo hivyo: chupa inywe na chakula iishe, isikae kwenye pikipiki ikinywewa kila kituo. Katika vumbi na jua midomo hukauka, mate hupungua, na hapo sukari hukuta nyumba haina mlinzi. Kati ya soda na soda, kunywa maji.

Julai hadi Septemba ni zamu ya mahindi ya kuchoma. Chukua gunzi ukaangalie punje: imevaa kiganda chembamba, kigumu, chenye ukingo kama wembe. Ukitafuna, kiganda hicho huteleza kati ya jino na ufizi, kikajibana wima mahali mswaki haufiki. Siku ya kwanza unahisi kitu tu. Siku ya pili au ya tatu ufizi umevimba, ukiugusa unatoa damu, na unaamini jino limeoza. Usichokoe kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti hukisukuma chini zaidi na kuchana ufizi. Tumia uzi wa meno kama sentimita 45, uzungushe kwenye vidole vya kati, uupitishe taratibu kwa kuusogeza mbele na nyuma, kisha uukumbatishe jino moja kama herufi C, ushuke nao chini ya ukingo wa ufizi, uuvute juu. Rudia kwa jino la jirani. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, mara tatu kwa siku. Mwiba wa samaki na uzi wa embe hutolewa vivyo hivyo. Usipopata nafuu kwa siku tatu, nenda kwa daktari wa meno akitoe kilichokwama.

Miezi hiyo hiyo Nakuru ina baridi, na malalamiko huwa ni meno kuingia ganzi. Baridi haiozeshi jino; inafichua tu shingo ya jino iliyobaki wazi kwa sababu ufizi umerudi nyuma, mara nyingi kwa kusugua kwa nguvu kushoto na kulia na mswaki mgumu. Dawa ya meno ya kuzuia ganzi husaidia ukiitumia kila siku wiki 2 hadi 4 bila kusukutua. Pima hivi: ganzi ikija na maji baridi na kupotea sekunde chache baadaye, subiri hiyo dawa. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya kumeza, yakija kwa chai moto, au yakikuamsha usiku, uozo umefika kwenye mshipa na hakuna dawa ya kupaka itakayolifaa jino hilo.

Wengi hapo huenda duka la dawa kununua amoksilini. Maumivu hupoa, shimo linabaki, na baada ya wiki chache jipu hurudi. Kwa maumivu, mtu mzima ameze tembe 2 za parasetamoli za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku, huku akipanga siku ya daktari. Asipirini isiwekwe kwenye ufizi, huuchoma. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, mdomo ukigoma kufunguka, au kumeza kukawa shida, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Malaria ya baada ya mvua nayo huacha alama mdomoni. Mtoto akitapika, usimpige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo imelainisha ganda la jino, utalisugua litoke. Asukutue kwa kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea ndani ya glasi ya maji, na mswaki usubiri nusu saa. Dawa za maji za watoto nyingi zina sukari, kwa hiyo baada ya dozi ya usiku mpe maji. Mtoto mchanga anayeharisha wakati meno yanaota asipelekwe kwa wanaochimba fizi kutoa kile wanachokiita meno ya plastiki: wanachokitoa ni chonge la maziwa ambalo halijakomaa, na huweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Anachohitaji ni maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na kliniki.

Waliofunga Ramadhani, ambayo miaka hii huangukia miezi ya joto, wapige mswaki baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri na tena kabla ya kulala. Tende hunata kwenye mifereji ya magego, kwa hiyo maji yafuate. Mswaki wa mti ni mzuri mchana, ncha yake ikatwe upya kila siku.

Desemba watu wakifunga safari kwenda nyumbani, mswaki ndio wa kwanza kusahauliwa, na binamu wanne wanaishia kutumia mmoja. Funga wa kila mtoto kwenye mfuko wake ukiwa mkavu. Kabla hujapanda gari, gonga tangi kwa nje ujue maji yamefika pete ya ngapi, uandike, maana Januari unarudi na huyo mdogo na mvua iko mbali.