Ukiomba ufadhili wa utafiti, omba muda kwanza

Kila msimu wa maombi ukifika, wahadhiri wenzangu wa sosholojia, saikolojia na uchumi huniletea maandiko yao niyapitie. Karibu wote wamehangaika na bajeti hadi usiku wa manane. Mimi nawauliza: muhula ujao una vipindi vingapi?

Nilipoomba mara ya kwanza mpango wa Next Generation Social Sciences in Africa, nilikuwa nafundisha kozi nne, moja ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi zaidi ya 600. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2011 na Social Science Research Council ya New York kwa fedha za Carnegie Corporation. Uliwalenga wahadhiri wa vyuo vya Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda ambao walikuwa hawajamaliza uzamivu. Ulifadhili kuandaa andiko, kwenda uwandani, na kumalizia tasnifu. Hatua hiyo ya mwisho ilimtaka mhadhiri apumzishwe kufundisha mwaka mzima. Kwangu mwaka huo ulizidi thamani ya dola zote.

Nilikosa. Nikilisoma andiko lile leo, sishangai. Nilianza na sera za kupambana na umaskini tangu Uhuru, kurasa mbili nzima, na swali langu likaja kujitokeza ukurasa wa tatu. Kumbuka andiko lako husomwa na watu wa fani tofauti. Mchumi atasoma kazi ya mwanaanthropolojia, na amebakiwa na mengine thelathini mezani.

Swali langu nililipata Mbagala, Jumamosi moja, kwenye kikao cha kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Katikati ya mkeka palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilishikwa na akina mama watatu wa nyumba tofauti, na sanduku likalala kwa wa nne. Nilikuwa nimechelewa dakika kumi, nikatozwa faini kama mwanachama. Mama aliyekaa kando yangu akanieleza kwamba hilo lilikuwa sanduku la pili. La kwanza lilibebwa usiku, na pesa zote ndani. Wiki iliyofuata walikutana tena, wakanunua hisa.

Nilirudi nyumbani nikaandika sentensi moja: kwa nini mtu aliyepoteza akiba yake kwenye kikoba hurudi kwenye kikoba kilekile? Andiko la pili lilianza na sentensi hiyo, na sera zikasubiri nyuma. Likapita.

Sasa barua ya mkuu wa idara, ile ya kuthibitisha kwamba utapumzishwa kufundisha. Wengi huiomba siku mbili kabla ya mwisho wa maombi, kisha hupewa ile isemayo "idara itampa ushirikiano wote unaohitajika". Barua hiyo haikukomboi na kipindi hata kimoja. Mwendee mkuu wako mapema, kwa heshima, ukiwa tayari umezungumza na mwenzako atakayekushikia kozi. Barua itaje kozi, itaje muhula, itaje atakayefundisha. Niliposhindwa kufanya hivyo, nilipoteza miezi miwili ya mwanzo nikisahihisha mitihani ambayo kila mtu alidhani bado ni yangu. Iliniuma sana, maana miezi ile hairudishwi.

Na ukishapewa likizo, toka ofisini. Ukionekana kwenye korido utaitwa kwenye kikao. Mimi nilihamia kwa dada yangu Morogoro, nikapewa meza ya jikoni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba. Sura tatu za tasnifu zimeandikwa pale.

Vibali navyo vinakula muda. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo ushuke wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi serikali ya mtaa. Mtafiti wa kigeni anapitia pia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Weka wiki hizo kwenye ratiba ya utafiti, usizifiche ili ratiba ionekane nyepesi. Aliyewahi kwenda uwandani atagundua mara moja.

Msimu huu nina nafasi ya kusoma maandiko mawili. Nitumie ukurasa wa kwanza tu, pamoja na barua ya mkuu wako wa idara.